Mlango Ulikuwa Mmoja

Wekesa amekufa kwa kidonda cha makalio. Nanjala aliponipigia simu kuniambia, mimi nilikuwa nakunywa uji, kikombe kimefungwa mkononi kwa ule mkanda wangu wa ngozi, na neno la kwanza kunitoka halikuwa pole. Nilisema, "Yeye? Wa kiuno?" Dada yangu akasema, "Ndiyo, Masika. Yeye wa kiuno. Mume wangu." Halafu akalia, nami nikabaki nimebana simu kwa bega, naangalia uji ukishika utando juu. Wengine wana pumu, wengine wana sukari, mimi ninao wivu wa Wekesa. Nimeishi nao tangu mwaka ule tulioanguka, na asubuhi hiyo wivu wangu haukujua kwamba umefiwa. Uliketi pale pale kifuani ukaanza kazi yake ya kila siku: ukaniambia kwamba Bumula watu watajaa mpaka barabarani, kwaya itavaa sare alizoshona yeye mwenyewe, watoto wake watasimama mbele wasome habari za baba yao. Mimi nikifa Kanduyi atalia nani? Hata kufa, jamaa alipata yake iliyo nzuri.

Shule niliachia darasa la saba. Haya ninayaandika kwa simu, herufi moja moja, kwa kifundo cha kidole kidogo, kwa hivyo sitapoteza herufi kwa kumficha mtu. Kuna watu wa kanisa wameniambia niandike lakini nisitaje majina, ati yaliyopita si ndwele. Hao wameumizwa kidogo. Mimi majina nitataja.

Mwaka ule mimi na Wekesa tulikuwa wapakiaji wa mahindi Moi's Bridge. Tulitahiriwa msimu mmoja, tukapakwa matope mto mmoja, tukatoka Bumula pamoja kutafuta kazi, tukalala chumba kimoja nyuma ya ghala, na gunia lililonishinda mimi lilimshinda na yeye. Tulikuwa sawa. Nataka hilo lieleweke kwanza, kwa sababu watu wakituona baadaye walidhani Mungu alituumba tofauti. Dereva wa lori letu aliitwa Barasa. Siku hiyo alitupandisha juu ya magunia kama magunia, akakimbia kwenye mvua akitaka kufika Kitale kabla maghala hayajafungwa. Kwenye kona lori lilikwenda upande wake na mahindi yakaenda upande wake. Wekesa aliangukia matako, gunia likamfuata. Mimi niliangukia kichwa. Barasa alitokea dirishani akiwa amechanika sikio, na mpaka leo anaishi na sikio lake.

Nilipofungua macho nilikuwa nimelala kwenye mahindi yaliyomwagika, na hili nimewaambia madaktari, nimewaambia wachungaji, nimeliambia hata dari la chumba changu: vidole vyangu vilikuwa vinacheza. Niliviona. Gumba la mkono wa kulia lilikuwa linasukuma punje za mahindi, punje moja, nyingine. Lakini pumzi ya kupiga kelele sikuwa nayo, kifua kilikuwa kimelala kama mpira uliotoboka. Wekesa yeye alikuwa mbali kidogo, na alikuwa analia, bana, analia mpaka ng'ombe waliokuwa wakila majani ng'ambo ya barabara wakainua vichwa. Sisi huko kwetu mwanaume hufundishwa kutolia. Mtu anakatwa kwa kisu mbele ya shangazi zake na kope haichezi. Ndiyo maana msimamizi wetu, Simiyu, aliyekuwa amekaa mbele na dereva, alipokuja kutuangalia aliona mambo kwa macho ya kwetu. Karibu na barabara kulikuwa na hoteli ya chai ya mbao, mali ya Mama Nafula, na mlango wake ulikuwa wa buluu, umeandikwa kwa rangi nyeupe CHAI TAYARI. Simiyu akapiga kelele, "Reteni ure mrango! Mtoeni mtu na mrango!" Huyu Simiyu ulimi wake hubadilisha eli na ara, na hilo neno "mrango" nalisikia mpaka kesho. Wakaung'oa kwenye bawaba, wakaleta. Mtu mmoja akauliza, "Tumweke nani?" Simiyu akatuangalia, mmoja baada ya mwingine. "Huyu anaria. Masika amenyamaza, huyo ni mwanaume, huyo ni mzima. Akae kwa gari."

Basi Wekesa akalazwa juu ya mlango kama mkate kwenye sinia, akafungwa kwa kamba za katani, kichwa hakitikisiki, kiuno hakitikisiki, akapandishwa nyuma ya pikapu ya mtu wa maziwa. Mimi nilishikwa kwapani, kichwa kikining'inia mbele kama cha kuku aliyechinjwa, nikakunjwa kwenye kiti cha nyuma cha gari dogo. Mama mmoja mwenye huruma akanishika kidevu, akanirudisha kichwa nyuma ili aninyweshe maji. Hapo ndipo niliposikia kitu shingoni kikiteleza, taratibu, bila maumivu, kama kufuli linapokubali ufunguo. Tulipofika Kitale vidole vilikuwa vimelala. Havijaamka. Madaktari wamenieleza kwa upole kwamba hakuna anayeweza kujua, kwamba pengine uti ulishaumia pale pale nilipoanguka, na vidole vingelala hata ningebebwa na malaika. Nimewasikia. Lakini wao hawakuwa pale. Mlango ulikuwa mmoja.

Hospitali ilikuwa ya watawa, nje kidogo ya mji, na wodi yetu ya mwisho kwenye korido ilitazama shamba la mahindi, kana kwamba sisi tulihitaji kukumbushwa. Humo ndani majina ya ubatizo hayakuwa na kazi. Ulikuwa wa shingo, wa kifua au wa kiuno, kulingana na pale uti ulipovunjikia, na ungedhani ni koo za watu. "Wa kifua anaitisha maji." "Wageni wa wa shingo wamefika." Wa kiuno walikuwa ndio mabwana wa mahali pale. Vitanda vyetu vilikuwa jirani, changu na cha Wekesa, na ule mlango wa buluu ulikuwa umeingia naye. Godoro lake lilikuwa linabonyea katikati, wakaupachika chini ya godoro. Nikigeuzwa ubavu wa kulia niliona ukingo wake ukichungulia: TAYARI. Nilikuwa nageuzwa kila baada ya muda mfupi ili ngozi isioze, kwa hivyo nililisoma neno hilo mara nyingi kuliko nilivyowahi kusoma Biblia.

Aliyetufundisha miili yetu mipya ni Madam Chepkemoi, fisio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke mrefu aliyekuwa akitembea kama anayechelewa kanisani. Wekesa alimuuliza mbele yangu, bila haya, kwa nini yeye anaweza kujichubulia chungwa na mimi siwezi, ilhali tulitoka kwenye lori moja. Madam akaketi pembeni mwa kitanda changu. "Sikilizeni. Hebu sema stima inatoka hapa Kitale, inapita Kanduyi, inaishia kwenu Bumula. Waya ikikatikia Kanduyi, nani anakaa giza?"

"Bumula," Wekesa akasema.

"Na Kitale?"

"Kitale wanaona taa zao tu."

"Haya. Wewe ulikatikia Kanduyi. Mfupa wa kwanza wa kiuno. Mikono yako, kifua chako, tumbo lako, vyote viko juu ya pale, vinawaka. Miguu ndiyo Bumula. Masika alikatikia karibu na Kitale yenyewe. Mfupa wa sita wa shingo."

"Kwa hivyo yeye ni giza kote," Wekesa akasema, na wenzake wa kiuno wakacheka.

"Si kote. Ana mabega. Anakunja kiwiko. Anainua kifundo cha mkono. Wako wenye kuvunjika juu yake kidogo, hata hayo hawana, na wako ambao hata pumzi wanavutiwa na mashine."

"Na mimi ni miguu tu?"

"Miguu, na haja zako, na ngozi ya kuanzia kiunoni kwenda chini. Hiyo haikuambii ikiumia. Usiseme tu."

"Miguu tu," Wekesa akarudia, kama mtu aliyeambiwa amepoteza kofia. Ile "usiseme tu" haikumwingia. Mimi niliisikia, lakini nilikuwa nahesabu mambo mengine. Nilikuwa naweza kukunja kiwiko lakini siwezi kukinyoosha kwa nguvu, maana msuli wa kukunja unapata waya yake juu na wa kunyoosha unaipata chini, tofauti ya mfupa mmoja tu. Kwa hivyo nikilala chali nikainua mkono kufukuza nzi, mkono unafika juu, unasimama, halafu unaniangukia usoni, pah! Wodi nzima inacheka. "Wa shingo anajipiga mwenyewe! Amekosa nini leo?" Na Wekesa pembeni anamdaka nzi hewani kwa vidole viwili.

Jumapili moja watu wa Bumula walikuja na kuku. Nanjala, dada yangu mdogo, ndiye alikuwa mikono yangu. Aliacha kazi ya kuuza duka la nguo Bungoma akaja kulala kwa sakafu ya wageni ili anilishe, anigeuze, anioshe. Siku ile alinikatia nyama vipande vidogo, ananiwekea mdomoni kimoja kimoja kwa kijiko, anangoja nimeze. Kuku wa kijiko si kuku. Kitanda cha pili Wekesa alikuwa ameketi wima, na wa shingo ndio wanajua maana ya mtu kuketi wima bila kuegemea kitu na bila macho kuingia kiza. Alikuwa na paja zima mkononi. Alilizungusha, akaling'ata, akavunja mfupa, akaunyonya kwa sauti, akajipangusa mafuta kwenye viganja, kisha akalamba kidole kimoja baada ya kingine kama mtu anayesoma rozari. Nilimwangalia mpaka Nanjala akasema, "Masika, fungua mdomo." Nyuma ya pazia shangazi yangu Selina alikuwa akimnong'oneza mama kwa ile sauti ya wazee ambayo husikika kuliko kelele, "Afadhali yule wa akina Wekesa. Yule ni mtu. Huyu wetu ni kama kuzaliwa upya, na wewe umri umeenda."

Huyo Selina namwandika pia. Madam Chepkemoi alikuwa amenifundisha ujanja mmoja wa watu wa shingo ya sita: ukiinua kifundo cha mkono, vidole visivyo na nguvu vinavutwa na kano zao, vinajikunja vyenyewe, na kikombe chepesi kinashikika. Lakini lazima uviache vidole vikakamae kidogo, visinyooshwe. Nilifanya zoezi hilo mpaka siku moja nikanyanyua kikombe cha bati, kitupu, kutoka kwenye meza hadi kifuani. Nililia kwa furaha. Kisha Selina akaja na samli na maombi. Aliona vidole vimejikunja, akasema ni ugonjwa unakaza. Kila mchana Nanjala akienda kufua, Selina anakaa kando yangu, anapaka samli, anavinyoosha vidole vyangu nyuma kabisa, kimoja kimoja, huku anaomba kwa jina la Yesu. Nilimwambia aache. "Nyamaza upone," akasema. Madam alipogundua alikaribia kulia. "Mama, mmemfungulia kamba zote!" Kano zilikuwa zimelegea. Kikombe hakikushikika tena. Ndiyo sababu ya mkanda huu wa ngozi.

Kukohoa nako kulikuwa kwa Nanjala. Mtu wa shingo tumbo lake halisukumi, pumzi inaingia vizuri lakini haina wa kuifukuza, makohozi yanakaa ndani yakikusubiri. Madam alimfundisha dada yangu kupiga magoti kitandani, kuweka viganja viwili chini ya mbavu zangu, kusema, "Moja, mbili, sasa," na kwenye "sasa" anasukuma ndani na juu nami najaribu kukohoa. Kikohozi kilitoka kikiwa cha watu wawili. Hata sauti yangu ya kuita mtu ilikuwa hivyo hivyo, nyembamba, kama ya mbuzi aliyefungwa mbali.

Sasa siku iliyobadilisha mambo ilikuwa saa za chakula. Nanjala alikuwa ameenda kuanika nguo, wauguzi walikuwa upande wa pili na mgonjwa mpya. Ghafla kichwa changu kikaanza kupiga, ngoma, ngoma, uso ukawaka moto na jasho likanitoka juu ya shingo tu, chini ya hapo nimekauka. Niliona ukuta ukipumua. Mgeni wa mtu akasema ni malaria. Lakini Madam alikuwa ametuimbisha wodi nzima: wa shingo akiumwa kichwa ghafla, angalieni mpira wa mkojo kwanza, maana mwili wake unapiga kelele kwa njia hiyo peke yake, na kelele hiyo inaweza kumpasua mshipa. Wekesa hakuita mtu. Alishika chuma cha kitanda kwa mkono mmoja, akajitupa upande kichwa chini, miguu yake imebaki juu ya godoro kama nguo zilizosahaulika, akapeleka mkono mwingine chini ya paja langu, akaukuta mpira umekunjika, akaunyoosha. Mkojo ukateremka. Na kichwa changu kikanyamaza, taratibu, kama redio inayopunguzwa.

"Umeona mikono?" akasema, bado ananing'inia, uso umemvimba damu. "Sema asante, bakoki wangu."

Bakoki ni watu waliotahiriwa pamoja, na neno hilo ni zito kuliko ndugu. Nilifungua mdomo. Wakati huo huo Nanjala akaingia na beseni, akamkuta ananing'inia kati ya vitanda kama popo. "Ai! Wewe umeanguka ama unaiba?" "Naiba mkojo," akasema Wekesa. Dada yangu akacheka mpaka akaweka beseni chini. Sikuwa nimesikia kicheko chake tangu Moi's Bridge. Akamshika kwapani kumrudisha juu, na yeye akasaidia kwa mikono ile, na walikaa muda mrefu kidogo kuliko kazi ilivyohitaji. Kwa hivyo maisha yangu aliyaokoa Wekesa. Watu hudhani jambo kama hilo humaliza wivu. Hebu mwonee mtu wivu kwa mikono yake, halafu aje akuokoe kwa mikono hiyo hiyo, ndipo uniambie.

Mvua zilipoisha tulitolewa. Yeye alirudi Bumula na mlango wake, akasema ni bahati yake, hauachi. Mama Nafula alikuwa ameshaweka mwingine. Mimi nililetwa Kanduyi, ambako mama alikuwa amehamia, kwa nyumba yake, chumba kilichotengwa kwa ubao mwembamba ambao hata mtu akikuna kichwa upande wa pili unasikia. Niliijua nyumba kwa masikio: sufuria, kuku mlangoni, vipaza sauti vya uwanjani siku za sherehe. Nanjala alinigeuza kila nilipopaswa kugeuzwa. Kila asubuhi na jioni aliniangalia mgongo na makalio kwa kioo cha mkononi, akitafuta pekundu. "Huna kitu," anasema. "Umelainika kama bibi harusi."

Wekesa alikuja mchana wa jua kali, juu ya baiskeli ya magurudumu matatu inayozungushwa kwa mikono, kutoka Bumula mpaka Kanduyi. Nilisikia mnyororo wake tangu mbali. Nikasikia akikataa kusaidiwa kushuka. Nikasikia mama akimpa chai, akiisifu safari. Kisha sauti zikashuka, nami nikaacha kupumua ili nisikie.

"Mama, nina cherehani ya mkono. Ule mlango nimeufanya meza, nashona sare za shule. Kazi iko. Sikuja kuomba chakula."

"Umekuja kuomba nini?"

"Nanjala anajua."

Kijiko kikazunguka kikombeni. Mama akasema, "Mimi sina neno. Lakini kuna mwenyewe pale ndani. Yule ndiye amekaa na mikono ya msichana. Muulize yeye."

Akaingia, akijisukuma kwenye kiti kidogo chenye magurudumu alichokuwa amekifunga nyuma ya baiskeli, shati jeupe, mabega yamejaa kama ya bondia. Hakuzunguka. "Masika, umesikia."

"Nimesikia."

"Nitakuwa namleta kila wiki akuone."

"Ulichukua mlango," nikasema. "Sasa umekuja kuchukua mikono."

Uso wake ulibadilika. "Mlango sikuuchukua. Niliwekwa. Nilikuwa naumia, nikalia. Wewe si ungelia?"

Hapo palikuwa na jibu. Palikuwa na majibu mengi, nimeyatengeneza yote tangu siku ile, yako tayari kama chai ya Mama Nafula. Ningesema usiende naye, Nanjala, nitaoza. Alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo, ananiangalia, na najua kabisa kwamba ningesema hivyo angebaki, kwa sababu macho yake yalikuwa ya mtu anayengoja kuitwa. Lakini mtu wa kwetu haombi. Nikageuza uso ukutani. Wekesa akangoja, halafu akamwambia mama kwa sauti ya chini, "Amenyamaza." Na mama akajibu kama mzazi yeyote angejibu, "Basi amekubali." Mara ya pili mtu kunitazama, kuona nimenyamaza, na kuamua kwamba mimi ni mzima.

Kuanzia siku hiyo akaniita mulamwa, yaani shemeji. Mama alinigeuza mpaka mgongo wake mwenyewe ukapinda. Baada yake kazi ikashikwa na mke wa mdogo wangu, Rose, ambaye mikono yake ni baridi lakini hasahau. Wekesa aliendelea kupata. Alipata watoto wawili, alipata wanafunzi wa ushonaji, alipata kuitwa fundi na watu wasiojua kwamba alikuwa mpakiaji. Nanjala alipokuja kunitembelea alikuwa na harufu ya kitambaa kipya. Mimi nilikuwa na dari.

Siku ya mazishi Rose na mdogo wangu walinipeleka Bumula. Jinsi kidonda kilivyompata nilijua kutoka kwa Nanjala mwenyewe, ameinama kando ya kiti changu nje ya hema. "Alikuwa anaketi kutwa nzima kwa ile mashine. Madam Chepkemoi alimwambia ajiinue kwa mikono kila mara, apumzishe ngozi. Mwanzoni alikuwa anafanya. Halafu kazi ikawa nyingi. Namwambia lala nikuangalie na kioo, anakasirika. Ati, 'Mimi si wa shingo, niangaliwe kama Masika.' Nilipokuja kuona, mfupa ulikuwa nje." Akajifuta pua kwa leso. "Wewe makalio yako yakoje?"

"Laini kama bibi harusi," nikasema, na tukajaribu kucheka.

Jeneza lilikuwa sebuleni na nyumba ilikuwa na ngazi mbili. Kiti changu kikakwama hapo. Mzee mmoja wa kanisa, kichwa cheupe, suti kubwa kumliko, akasema kwa amri, "Msimbebe hivyo, mtamwangusha. Reteni ire mbao ya cherehani." Niliijua sauti kabla ya kuuona uso. Vijana wawili wakatoka nyuma ya nyumba wakiwa wameibeba, wakailaza kutoka chini mpaka kizingitini. Ilikuwa imechubuka, imejaa alama za chaki na makasi, lakini buluu ilikuwa bado iko pembeni.

"Simiyu," nikasema. "Unajua hii ni nini?"

"Ni mbao ya marehemu. Arikuwa anashonea hapo."

"Soma."

Akainama, miwani ikamtelemka. CHAI ilikuwa imefutika. Ile nyingine ilikuwa inasomeka. Akapitisha kidole juu ya herufi, halafu akanyanyua uso. "Ni ure mrango?"

"Ndio wenyewe."

Sikujua nilikuwa nangoja nini. Akavua miwani. "Masika," akasema, "wewe urikuwa umenyamaza."

"Sikuwa na pumzi."

"Sasa mimi ningejuaje?" Na hakuwa anajitetea, aliniuliza kweli, mzee mzima, kama anayedhani ninalo jibu.

Wakanisukuma. Gurudumu la mbele likapanda, kisha la nyuma, na mlango ukabonyea katikati chini ya uzito wangu, ukalia mlio wa mbao, ukanibeba. Nilipofika katikati nikawaambia, "Simameni hapa." Wakasimama. Nikafungua mdomo kulia. Nilikuwa na kilio cha tangu Moi's Bridge, kilikuwa kimenijaa mpaka macho, lakini kilichotoka ni ule mlio wa mbuzi aliyefungwa mbali, na kwaya ilikuwa inaimba, hakuna aliyegeuka. Isipokuwa mmoja. Nanjala alikuwa ameshasimama kichwani pa jeneza, mkono wake juu ya kifuniko. Alisikia. Aliujua mlio ule. Akamwacha marehemu, akaja, akapiga magoti na nguo yake nyeusi juu ya ule mlango, akaweka viganja viwili chini ya mbavu zangu.

"Moja," akasema. "Mbili. Sasa."

Akasukuma, na kilio kikatoka. Kikatoka kikubwa, kwaya ikakatika, nje watu wakasimama kwenye viti, na ng'ombe wa matanga waliofungwa kwenye ua wakainua vichwa. Mama mmoja nyuma yangu akasema kwa huruma, "Maskini, alimpenda sana shemeji yake." Hakuna aliyembishia. Nanjala alikuwa bado amepiga magoti, ananiangalia usoni kwa karibu, mikono yake iko pale pale.

"Tena?"

"Tena," nikamwambia.